Hiyo Chai Ingali Longonot

Grupu letu la mashabiki limegawanyika pande mbili, na kwa kuwa mimi ndiye admin, matusi ya pande zote hunipitia mimi kwanza. Kuna watu wa Mbuzi na kuna watu wa Mzee. Watu wa Mbuzi ni wale wa zamani, waliompenda mchekeshaji wetu tangu alipokuwa akipanda jukwaani na mwanasesere mmoja tu, mbuzi wa kitambaa aliyevaa sweta ya shule na kuwajibu walimu kwa Sheng. Watu wa Mzee ni wengi zaidi, nao walikuja juzijuzi tu, baada ya mwanasesere wa pili kuletwa: mzee wa reli mwenye koti zito la buluu, ambaye hukohoa kwanza ndipo aseme. Wa Mbuzi wanasema Mzee ameharibu shoo, kwamba mtu halipi kiingilio ili akahuzunishwe. Wa Mzee wanasema Mbuzi ni wa watoto. Wanarushiana maneno mchana kutwa, nami niko dukani nashona kola za sare, simu inatetemeka juu ya meza ya cherehani mpaka sindano zinahama.

Mimi ni fundi wa nguo za shule hapa Nakuru. Sweta ya yule mbuzi niliishona mimi. Koti la yule mzee sikulishona, lakini nalijua kuliko mtu yeyote aliye hai, na ndiyo sababu naandika haya.

Kwa asiyemjua huyu mchekeshaji, kazi yake ni hii. Huketi kwenye kiti, mwanasesere gotini, mkono wake mmoja umeingia mgongoni mwa mwanasesere. Mwanasesere anaongea, huku midomo ya mwenyewe imefumba. Hakuna uchawi hapo, ni koo na mazoezi. Sauti zinazomtesa ni zile zinazotaka midomo igusane, na ukifikiria, lugha yetu imejaa hizo. Huwezi hata kumwita mama wala baba bila kuikutanisha midomo yako. Kwa Mbuzi alizikwepa kwa kumfanya atafune, maneno yakatoka yamejaa nyasi. Mashabiki wengine walikuwa wakija shoo kumkodolea macho midomo tu, wapate kosa la kuja kuandika kwenye grupu. Kila aliyeandika, nilimjibu mimi.

Nilikuwa na haki ya kumtetea, au ndivyo nilivyoamini. Tulikulia pamoja katika landhi za reli, zile nyumba za safu ndefu, ukuta mmoja familia mbili, mfereji mmoja wa maji kwa safu nzima. Tulimaliza shule mwaka mmoja, sote bila alama za kujivunia. Baba yake alikuwa ameondoka zamani, hivyo alikuwa mtu wa kwetu zaidi kuliko wa kwao, na kitu alichokifuata kwetu si chakula. Alimfuata baba yangu.

Baba alikuwa mtu wa kubadilisha njia za treni. Kabla ya kuletwa Nakuru alikaa miaka mingi katika stesheni ya Longonot, chini ya ule mlima, na alisema kazi ya Longonot ilikuwa moja tu, kungoja. Mzigo ulingoja, injini ilingoja, abiria walingoja mpaka wakafahamiana na kuposana. Kwa hiyo nyumbani kwetu kitu chochote kilichochelewa kilikuwa Longonot. Akiketi kwenye kiti chake jioni baada ya kazi, angegeuza kichwa kuelekea jikoni na kuuliza, "Hiyo chai ingali Longonot?" Na aliyekuwa jikoni, ambaye kwa kawaida nilikuwa mimi, alitakiwa kujibu kwa stesheni. Maji yakishika moto, imefika Naivasha. Majani yakiingia, imefika Gilgil. Maziwa yakianza kupanda, iko Elmenteita, toeni viti njiani. Nikitokea mlangoni na birika, hapo ndipo Nakuru, na baba alipiga filimbi kwa vidole viwili. Kuruka stesheni hakukuruhusiwa. Hata nilipokuwa mtu mzima, na duka langu na makalio yangu mapana, nilijibu kwa stesheni.

Rafiki yangu alianza kwa kuigiza watu wa mfereji, namna wanavyogombania zamu. Mimi nilicheka, kwa hiyo mimi ndiye shabiki wake wa kwanza, na cheo hicho sijanyang'anywa. Aliposema anataka mwanasesere, nilikusanya masalio ya vitambaa vya sare nikamtengenezea mbuzi, macho yake vifungo vya koti la mvua. Shoo ya kwanza kabisa ilifanyika sebuleni kwetu. Baba alicheka hadi akafuta macho, kisha akatangaza kwamba mbuzi ana akili kuliko mwenye mbuzi. Rafiki yangu aliichukua sentensi hiyo na kuitumia jukwaani mwaka mzima. Hatukuona ubaya. Baba hata alijivuna.

Klipu zake zilipoanza kusambaa, nikafungua grupu. Wakaja watu wa Molo, wa Njoro, wa Naivasha kwenye mashamba ya maua, mama mmoja wa Sachangwan anayeuza viazi na karoti kando ya barabara. Akaja pia mwanamume mmoja wa Kariandusi, anayefanya kazi katika machimbo ya ule udongo mweupe, mtu wa maneno machache. Siku moja huyo wa Kariandusi aliandika hivi: "Huyu hana utani wake mwenyewe. Anachota kwa watu waliomwamini, anatia maji kidogo, halafu anatuletea." Nilimwandikia kwamba wivu ni kidonda, kisha nikamtoa kwenye grupu kabla hajajibu. Nililala vizuri siku hiyo.

Halafu baba akaanza kukwama. Kwanza ugali, kisha chapati, kisha hata wali uliolainishwa kwa mchuzi. Huku kwetu ugonjwa wa koo unajulikana sana, lakini watu hawautaji. Wanasema fulani anasumbuliwa na kumeza. Nilimpeleka hospitali mimi, na daktari aliniita nje ya chumba akaniambia mambo yalivyo, kwamba tumechelewa na kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Nilisimama ukutani kidogo. Kisha nikapaka uso wangu furaha, nikaingia ndani nikamwambia baba kwamba ni kidonda tu cha koo na dawa itakimaliza.

Uamuzi ulikuwa wangu. Kwa jamaa nyingi ninazozijua mgonjwa haambiwi. Inaaminika kwamba ukimtajia, umemsukuma. Nilimwambia mama baba asijue, naye akaitikia kwa kichwa. Nilimwambia rafiki yangu, naye akaitikia. Basi kila asubuhi nikampelekea baba vidonge na uongo kwa glasi moja ya maji. Nilimwambia rangi imerudi. Nilimwambia daktari amefurahi. Baba alinitazama na kusema, "Naona, hata jana maji yamepita vizuri." Nilitoka pale nikijipongeza. Naona haya kuandika hivi, lakini kweli nilijipongeza, nikajiona nimekuwa ngao ya mtu mwenye hofu.

Ilikuwa majira ya kufungua shule, wazazi wamejaa dukani, siwezi kufunga. Mchana alikaa naye rafiki yangu. Alimwogesha, alimgeuza kitandani, alimnyoa. Mama alipumzika hapo. Nilikuwa nikirudi nawakuta wananong'ona, na nikiingia wananyamaza, nami nikadhani baba amechoka. Nilimshukuru mtu yule kwa moyo wangu wote. Nilimwita ndugu, yeye akaniita siz, dada yake, na sikuwa natania.

Mwisho baba hakuweza kumeza hata chai, lakini hakuacha kuiulizia. Sauti ilikuwa imebaki mnong'ono na kikohozi, kikohozi kikavu ambacho alikipokea kwa ngumi. Hiyo chai ingali Longonot? Nami nikajibu kutoka jikoni, Naivasha, Gilgil, Elmenteita, nikamletea kikombe, akakishika kwa mikono miwili mpaka kikapoa. Alifariki siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimeenda kumnunulia maziwa.

Tulimzika Njoro, kwenye kipande cha shamba alichokinunua mwenyewe. Baba ni mtu wa Magharibi, aliyeletwa huku na kazi ya babu ya reli, na mambo ya kwao aliyafuata. Kwetu nguo za marehemu haziachwi zining'inie msumarini. Siku ya tatu baada ya kuzika, wazee wa ukoo huketi uani, nguo zinatolewa moja moja, na kila moja inapewa mtu wake. Anayepewa huivaa hapohapo mbele ya watu, hata kama haimtoshi, hata kama jua ni kali. Kuivaa kule ni kiapo kwamba itachakaa mwilini mwake. Nguo hiyo haiuzwi, haipewi mtu mwingine, haikatwi.

Koti la reli ndilo lililongojewa na wote. Lilikuwa la sufu nzito ya buluu, vifungo vya shaba, isipokuwa kimoja. Kifungo cha pili kutoka juu kilipotea nikiwa na miaka kumi na sita, nami nikashona pale kifungo cheusi cha plastiki kwa uzi wa kahawia, kwa sababu ndio uzi niliokuwa nao. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya ufundi. Nilipopata duka nilitaka kukibadilisha, baba akakataa katakata, akasema hicho ndicho cheti changu cha ufundi.

Baba mdogo alilinyanyua lile koti, akatutazama sisi sote, akampa rafiki yangu. Alisema aliyemwogesha ndugu yake ndiye atakayelivaa. Wapo waliogunaguna kwa kuwa si wa damu. Mimi sikuguna. Alilivaa palepale juani, mikono ikamfunika nusu ya vidole, akalia, nami nikalia kwa kumwona ndani yake.

Baada ya mvua ndefu za masika aliniambia ana mwanasesere mpya, na kwamba ameniwekea kiti cha mbele. Nikamuuliza kwa nini nguo zake sikushona mimi. Alisema hakutaka kunisumbua, nimefiwa, amepata fundi Nairobi. Iliniuma kidogo, kwa majivuno ya fundi, lakini nikamwamini.

Shoo ilikuwa Jumamosi alasiri, ukumbi umejaa, familia na watoto wao. Mbuzi alianza, akawatukana walimu, watu wakacheka. Kisha mchekeshaji akamweka Mbuzi chini, akaenda nyuma ya pazia, akarudi amempakata mzee. Uso wa mbao, mvi za sufi, koti la buluu. Mzee alikaa gotini akautazama ukumbi kwa muda. Akakohoa kwenye ngumi yake ya mbao. Akageuza kichwa pembeni, akauliza, "Hiyo chai ingali Longonot?"

Nilicheka. Nataka niliseme hilo wazi. Ilikuwa sauti ya baba, si ile ya ugonjwa, ile ya zamani, nene, yenye mkwaruzo wa sigara aliyoiacha nikiwa mdogo. Nilicheka kwa furaha, nikadhani ni zawadi, nikataka kusimama niwaambie watu huyo ni baba yangu. Kisha taa ikampiga kifuani nikaona kifungo cheusi. Nikaona uzi wa kahawia. Koti lilikuwa limekatwa likawa la mtoto wa miaka mitatu. Mabega yameingizwa ndani, mikono imepunguzwa, na aliyelikata hakuwa fundi, maana bitana ilichungulia kila mahali.

Nikaanza kusikiliza kwa namna nyingine. Niligundua kwamba Mzee hukohoa kila linapokaribia neno la kukutanisha midomo. Ngumi inapanda, kikohozi kinatoka, na neno linapita chini yake. Watu waliokuja kukodolea midomo walipiga makofi kwa ujanja huo. Kilikuwa kikohozi cha miezi minne ya mwisho ya baba yangu, pumzi kwa pumzi, na sasa kimepewa kazi ya kuficha midomo ya mtu mwingine.

Halafu Mzee akasema maneno haya, polepole, kama mtu anayemwambia jirani.

"Nina msichana wangu. Daktari amekaa naye huko nje, amerudi ndani anacheka, ananiambia dawa inafanya kazi. Mimi najua. Yeye hajui kwamba najua. Nikimwambia ataacha kucheka, na chai yake itaingia chumvi. Basi nakaa kimya. Afadhali uongo kuliko chai ya chumvi."

Ukumbi ulicheka, kisha ukasema aaa, kisha ukacheka tena. Mwanamke wa kiti cha pili alinigusa paja akasema, huyu mzee ataniua. Maneno yale hayakutungwa na mchekeshaji. Hana uwezo wa kuyatunga, namjua. Yalikuwa ya baba, na yalikuwa juu yangu. Nilitoka kabla shoo haijaisha, nikasimama nje karibu na muuza mayai ya kuchemsha, ambaye aliniuliza kama nataka kachumbari. Nikasema ndiyo, nikala yai lile bila kulionja.

Kufikia Jumapili grupu lilikuwa linawaka. Kulikuwa na aliyeandika kwamba amelia na kucheka kwa wakati mmoja. Wengine walidai warudishiwe Mbuzi wao. Kuna mwalimu mmoja wa Gilgil aliyesema si adabu kuchekea mgonjwa, akajibiwa kwamba aende akachekee wazima. Mama wa Sachangwan alituma ujumbe wa sauti, akasema Mzee ni baba yake mtupu, kwamba amemsikia baba yake tena baada ya miaka, na kwamba Mungu ambariki huyo kijana. Nilisikiliza ujumbe huo mara tatu na sikuweza kumchukia yule mama. Kabla wiki haijaisha, maneno ya baba yalikuwa ya kila mtu. Barabara isiyokamilika ilikuwa Longonot. Mshahara ulikuwa Longonot. Vijana wa boda waliulizana, niaje, abiria bado ako Longonot, wakaendelea na safari zao.

Nilimtafuta yule mtu wa Kariandusi nikamrudisha kwenye grupu. Nilimwomba radhi faraghani, nikamwambia alisema kweli. Nilitarajia amponde rafiki yangu kwa niaba yangu. Akashukuru, na siku mbili baadaye akaandika mbele ya wote kwamba Mzee ndiyo kazi ya kwanza ya kweli aliyoiona kwa huyu mchekeshaji. Hapo nilizima simu.

Nilichotaka kilikuwa kimoja tu, mama asiione klipu ile. Mama hakuwa na simu ya kuonyesha picha. Alikuwa na ile ndogo ya kupiga na kupokea, na mimi nilikuwa nikikaa naye. Niliamini kwamba akisikia baba alikufa akijua, angeuliza kwa nini alikufa peke yake na siri hiyo, na lawama ingekuwa yangu. Yule mzee wa watu alikuwa amelala miezi minne akinilinda mimi badala ya kulindwa. Mama hapaswi kubeba hilo pia, nilijiambia. Niliwaomba majirani wawili wasimwonyeshe.

Jumanne mchekeshaji akaja dukani. Alikuja na begi, amechangamka, akamtoa Mzee na kumlaza juu ya meza ya kukatia. Mkono wa kushoto wa koti ulikuwa umefumuka begani. Alisema fundi wa Nairobi ameshona vibaya, na ana shoo Naivasha Jumamosi, kama naweza kumshikia pale haraka. Alisema hivyo bila aibu yoyote.

Nilimuuliza ni lini baba alimwambia maneno yale. Akasema ni wiki ya kwanza tu, alipokuwa akimnyoa.

"Na hukuniambia."

"Mzee alisema nisikuambie, siz. Si nilinyamaza? Mpaka tukamzika nimenyamaza. Si mimi nimesema, ni huyu." Akakigusa kichwa cha mbao kwa kidole.

"Huyu ni mbao."

"Sasa unakasirikia nini?"

Nikamwambia alipewa koti alivae, akala kiapo mbele ya wazee, na amelipeleka kwa mtu mwingine likakatwe kwa sababu alijua mimi singekubali. Akalitazama lile koti, nami nikadhani ataomba msamaha.

"Si navaa," akasema. "Kila shoo mkono wangu uko ndani ya hiyo koti. Hao wengine walipewa mashati, umeona mtu ameyavaa tangu siku hiyo? Ama ulitaka mzee akufe mara mbili?"

Nilimvua Mzee koti. Chini yake alikuwa waya na sponji. Nilitaka kuliweka chini ya meza nimwambie aende, koti limerudi kwao. Lakini lilikuwa limepasuka, na mimi ni fundi, na koti la baba haliwezi kukaa mkono ukining'inia. Nilitafuta uzi wa kahawia. Nikalishona bega lile, nikarudisha bitana ndani kila ilipochungulia, na nilipomaliza, yeye akanyoosha mkono akalichukua, nami nikaachilia. Aliniambia ahsante, siz, kama siku zote. Sikumshonea yeye. Hata hivyo ni yeye aliyeondoka nalo.

Jumapili iliyofuata mama alirudi kutoka kanisani, akavua kitambaa cha kichwa, akaketi kwenye kiti cha baba, kiti ambacho hakuwa amekikalia tangu mazishi.

"Wamama wa kanisa wananiambia baba yako ako kwa simu," akasema. "Nionyeshe."

Nilijaribu kila njia. Nilisema simu haina bando. Nilisema ni upuuzi wa vijana. Mwishowe nikaketi sakafuni karibu na miguu yake, nikamwambia ukweli wote kabla hajausikia kwa mwanasesere: kwamba baba alijua, kwamba nilimdanganya bure, kwamba aliuficha ukweli ili nisilie. Nililia nikisema. Mama aliningoja nimalize.

"Alikuwa anajua," akasema. "Aliniambia siku ile ile mlitoka hospitali."

Nilimuuliza kwa nini basi hawakuniambia, wote watatu. Akaniwekea mkono kichwani, mkono mzito wenye harufu ya mafuta ya kujipaka.

"Ulikuwa umeshikilia hiyo kazi yako ya kutudanganya. Tukikunyang'anya ungebaki na nini?"

Alisema kwa upole, na sijui ningepokeaje kama angesema kwa ukali. Miezi minne, kila asubuhi, watu watatu waliigiza mbele yangu, nami nikidhani mimi ndiye mwigizaji. Mchekeshaji alinisaliti, hilo nalifahamu, lina mahali pa kulikamata. Lakini baba na mama walininyima kuagana na baba yangu kwa sababu walinipenda, na sijui hilo nilikamate wapi. Ningependa kuwa nimekaa kando ya kitanda kile siku moja tu, tukazungumza kama watu wanaojua. Chai ingeingia chumvi. Tungeinywa.

Nilifuta uso, nikaitafuta klipu, nikaiegemeza simu kwenye kopo la sukari juu ya meza ili mama aone vizuri. Sikutaka kuiona tena. Nilikwenda jikoni, nikabandika sufuria, nikamimina maji na maziwa, nikasubiri. Nilisikia Mbuzi akimalizia, watu wakipiga makofi, kisha kimya cha pazia. Maji yalianza kuimba. Nilishika kopo la majani ya chai, nikatia vijiko viwili, mgongo wangu ukiwa mlangoni.

Baba akakohoa sebuleni.

"Hiyo chai ingali Longonot?"

"Imefika Gilgil, baba," nikajibu.

Na ndani ya simu ukumbi mzima ukacheka.